Mshahara wa Mama Mkwe

Kama gazeti la wiki iliyopita mmeshalifungia sabuni, msihangaike kulifungua. Yaliyotokea ni haya: baba mkwe anauza kiwanda chake cha magodoro, na mimi, mume wa binti yake, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma hesabu zake na kusema kinafaa kuuzwa bei gani.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua kwamba namba hazijawahi kuniletea heri. Benki nilimwaga unga kwa kuandika kwamba kampuni ya rafiki wa meneja inaishi kwa mikopo. Kwenye kampuni ya bima nilidumu mpaka siku niliyosoma hesabu za kampuni ya bima. Sasa nina meza yangu mwenyewe kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la vioo, na mteja wangu wa kwanza wa maana akawa mkwe.

Niliwauliza muuzaji na mnunuzi, wote wawili, kama wanaona ni sawa mtu kuthamini mali ya mkwewe. Mnunuzi ni bwana mmoja aliyetajirika kwa kuuza mabati, na kila mtu anamwita Mabati, hata mkewe. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Mkwe anamwogopa baba mkwe, na mtaalamu anaogopa mahakama. Wewe una hofu mbili. Mimi nitakuamini."

Baba mkwe naye alisema sawa, kwa sababu nilikuwa bure.

Sasa mjue kwa nini anauza. Sponji ikikatwa hutoa vumbi jepesi ambalo hulioni mpaka jua lipite dirishani. Baba mkwe amelivuta tangu alipoanza na kisu kimoja na meza moja. Siku hizi hawezi kumaliza sentensi bila kukohoa, na ngazi za nyumbani kwake anazipanda kwa vituo. Daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwambia atoke kiwandani mwaka huu, si mwakani.

"Nitatoka," baba mkwe aliniambia. "Nikipata milioni mia tatu. Chini ya hapo siuzi."

"Kwa nini mia tatu, baba?"

"Chini ya hapo watasema nilifilisika. Bora nife nina kiwanda."

Alikohoa, akafuta mdomo, akanisukumia mafaili.

Kazi yenyewe si ya kichawi. Viwanda vidogo vya aina ile huuzwa kwa faida ya mwaka mmoja mara nne. Ila kabla ya kuzidisha lazima faida uisafishe. Unatoa matumizi ya nyumbani yaliyojipenyeza kwenye biashara, na unaingiza gharama ambazo biashara ilipaswa kulipa lakini haikulipa.

Nikaanza na ya nyumbani, ndiyo yenye raha. Vitabu vilionyesha faida ya milioni sitini na nane. Ndani yake nilikuta mafuta ya gari la familia, paa jipya la nyumba lililoandikwa "ukarabati wa ghala", na harusi yetu ya mwaka jana, iliyoandikwa "matangazo". Niliangalia harusi yangu kwa muda. Kisha nikaitoa pamoja na yale mengine, na faida ikapanda hadi sabini na nane.

Mara nne, mia tatu na kumi na mbili.

Baba mkwe alinishika bega. "Mwanangu," alisema. Kabla ya hapo alikuwa ananiita "yule bwana".

Ningekufa siku ile ningekufa mkwe mwema. Lakini nilikuwa bado sijasoma orodha ya mishahara.

Walikuwemo wakataji wawili, mshonaji, dereva na mlinzi. Nikaisoma tena. Nani anauza? Nani anaagiza sponji? Nani anawafuata wanaodaiwa? Kila swali lilinirudisha kwa mtu yuleyule, ameketi nyuma ya kaunta, miwani imeshuka hadi puani. Mama mkwe. Amefanya kazi pale tangu siku ya kwanza na hajawahi kulipwa hata nauli.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Mabati akinunua kiwanda, mama mkwe hayumo kwenye bei. Mzee akienda kupumzika, naye ataenda. Mabati atalazimika kuajiri mtu, na mtu atataka mshahara. Kwa hiyo mshahara wa mama mkwe lazima utolewe kwenye faida, hata kama hakuna aliyewahi kumlipa.

Nilimweleza mke wangu alipokuwa anapiga pasi.

"Mama hana mshahara," alisema.

"Ndiyo maana inabidi niuandike."

"Baba atashuka chini ya namba yake."

"Atashuka. Nikitoa mshahara wa milioni sita kwa mwaka, mara nne, inabaki mia mbili themanini na nane."

"Na usipouandika?"

"Mabati ataligundua mwezi wa kwanza tu, na wa pili nitakuwa mahakamani."

Alipiga pasi mkono uleule wa shati mara nyingine, pole pole. "Umemwandikia mama kazi gani?"

"Msaidizi wa ofisi."

Pasi ikasimama. Nilinusa shati langu linaungua, lakini niliona si wakati wa kulitaja.

"Kalale sebuleni," alisema. "Kesho nenda ukamuulize mama anafanya nini pale. Ukishajua ndiyo urudi chumbani."

Ningeenda hata bila kufukuzwa. Katika kazi yetu kuna utaratibu: ukieleza kazi ya mtu kwenye ripoti, unampelekea rasimu aisome na kusaini kwamba ndivyo. Ni utaratibu mzuri. Ndio ulionimaliza.

Duka liko mbele ya kiwanda, magodoro yamepangwa hadi darini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Kaa juu ya lile la futi sita, ila usipasue nailoni."

Nilimuuliza anafanya kazi gani hapa. Akasema yeye yupo yupo tu, anamsaidia mzee.

Simu yake ikalia. Alikuwa muuza sponji, anapandisha bei. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Haya baba, usijali. Ngoja nimalizane na mwenzako kwanza," akakata.

"Mwenzake nani, mama?"

"Hayupo. Subiri."

Sijamaliza kuandika, simu ikalia tena. Bei ilikuwa imerudi pale pale ilipokuwa.

Akaingia bwana mwenye nyumba ya wageni, analalamika kwamba magodoro aliyonunua yamebonyea. Mama mkwe alimuuliza kama bado anaweka wageni wawili wawili kwenye kitanda cha mmoja. Yule bwana alitazama sakafu. Aliondoka ameagiza mengine kumi, mazito zaidi na ya bei zaidi, na alishukuru.

"Hayo nayo ni kusaidia?" nikauliza.

"Sasa ningemwacha alie?"

Nikampa rasimu. Alivaa miwani vizuri, akasoma, akaivua.

"Huyu msaidizi wa ofisi ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Huyu simjui." Akanirudishia karatasi. "Mwaka juzi niliumwa wiki mbili. Mzee alimweka mdogo wake auze, dada yake apokee simu, na kudai akaenda mwenyewe. Unajua alirudi na nini kutoka kwa mdaiwa?"

"Sijui."

"Picha ya mtoto mchanga. Alikuta mke wa yule bwana amejifungua, akawachangia."

Niliichana rasimu mbele yake. Nikaandika upya kwamba kile kiti kimoja kinakaliwa na watu watatu: mkuu wa mauzo, mnunuzi wa malighafi na mkusanya madeni. Nilionyesha wateja wangapi hurudi, bei ya sponji aliilinda vipi wakati wenzake walipandishiwa, na kwamba madeni ya kiwanda hukusanywa upesi kuliko ya kampuni kubwa nilizowahi kuzisoma. Zilitoka kurasa mbili. Nasema kweli, sijawahi kuandika kitu kizuri kama zile kurasa, hata barua nilizomwandikia binti yake.

Mishahara ya watu hao watatu kwa bei ya soko ilifika milioni thelathini na sita kwa mwaka.

Mama mkwe alisoma taratibu. Alipofika kwenye ile namba aliweka kidole juu yake kama anayezuia karatasi isipeperuke, na upepo haukuwepo. Kisha akasaini.

"Nipe na nakala," alisema.

"Ya nini, mama?"

"Ya kumbukumbu."

Nikampa. Jioni ile mke wangu aliisoma ripoti, akanirudishia mto wangu chumbani. Nakala yenyewe ikumbukeni.

Nilimpelekea baba mkwe namba mpya kwake, akiwa ameegemea mito mitatu, maana akilala chali anakosa pumzi.

"Mia moja sitini na nane," nilisema.

Alijiinua kwenye mito. "Nusu nyingine kala nani?"

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mama mkwe."

"Mke wangu hajawahi kuniomba hata senti."

"Ndiyo, baba. Sasa mnunuzi ataombwa."

Nilimweleza tangu mwanzo, nikatumia mfano wa dereva, kisha wa mshonaji. Alielewa. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba alielewa kila neno na uso wake haukubadilika.

"Basi siuzi," alisema. "Nipe koti langu."

Lilikuwa lile koti la kukatia sponji, lililokuwa limetundikwa tangu daktari aseme. Asubuhi iliyofuata alikuwa mashineni. Mke wangu alipita kiwandani, akamsikia kikohozi kutoka barabarani, akanipigia simu.

"Umeridhika?"

Sikuridhika. Niliona aibu, na chini ya aibu niliona hofu. Namba zangu zote zilikuwa sahihi, na zilikuwa zimemrudisha mzee kwenye vumbi.

Kumbe Mabati naye alikuwa ameisoma ripoti. Aliitisha kikao pale pale kiwandani, kwenye kile chumba cha mbao ambacho baba mkwe anakiita ofisi, chenye kidirisha kinachoangalia mashine.

Tulikuwa wanne. Mimi na faili, Mabati na kitabu cha hundi, baba mkwe na koti lake lenye vumbi, na mama mkwe, ambaye alikuwa amefunga duka mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alivuta kiti, akakaa mezani. Baba mkwe alimtazama kama anayetaka kumuuliza nani yuko kaunta.

"Namba ya mzee naipenda," Mabati alianza. "Mia tatu. Hundi naiandika leo."

Baba mkwe akanyooka kitini.

"Nina sharti moja. Mama abaki miaka mitano, kwa utaratibu uleule."

"Utaratibu upi?" nikauliza.

"Wa mshahara. Uleule wa zamani."

Wa zamani ulikuwa sifuri. Nilipiga hesabu kichwani na kuona hakukosea mahali. Kiwanda chenye mama mkwe wa bure kilikuwa na thamani ya mia tatu na kumi na mbili, nilishaandika mwenyewe, na hapa anakipata kwa pungufu. Alikuwa ameisoma ripoti yangu vizuri kuliko nilivyotaka.

Nilimgeukia baba mkwe. Alikuwa anaitazama hundi.

"Atabaki," alisema.

Hakumtazama mkewe alipolisema. Mama mkwe alikunja mikono juu ya meza na kuniita kwa sauti ile ile anayozungumzia na muuza sponji.

"Mkwe, ulishawahi kupiga hesabu ya kiwanda bila mimi?"

Nilishapiga. Hupigwa siku zote, kuona mtu muhimu akiondoka kinabaki nini. Ilikuwa karatasi moja, imo mkobani, na sikuwa nimemwonyesha mtu.

"Nilipiga, mama."

"Wasomee."

Nikaitoa. "Mashine mbili za kukata, moja mbovu. Cherehani. Gari. Sponji iliyopo ghalani. Milioni sitini na mbili."

"Na jina?" baba mkwe aliuliza. "Jina la kiwanda lina thamani. Wateja wanalijua."

"Niliwauliza wateja, baba. Wanasema wananunua kwa mama. La kwenye bango hawalikumbuki."

Baba mkwe aligeukia kidirisha, akazitazama mashine.

"Kwa hiyo hiyo mia tatu," baba mkwe alisema pole pole, "nilichokuwa nauza ni..."

Hakumalizia. Safari hii hakikuwa kikohozi kilichomkatisha.

Mama mkwe aliingiza mkono kwenye mkoba wake na kutoa kurasa mbili zilizokunjwa. Nilizijua kabla hazijakunjuliwa.

"Mimi nimepata kazi," alisema. "Kwa yule wa magodoro wa ng'ambo ya barabara. Nilimpelekea hizi. Cheti hakuomba. Aliuliza tu nani ameziandika, nikamwambia ni mtaalamu asiyependelea mtu."

Nilifunika faili langu kwa mkono.

"Naanza Jumatatu. Mshahara ni huo huo ulioandikwa humu, na gari la kunifuata nyumbani."

"Kwa adui yangu," baba mkwe alisema.

"Kwa adui yako ambaye ana mafeni ya kutoa vumbi." Akageuza kiti kumwelekea. "Nimekwambia kwa mdomo utoke humu, hukusikia. Nimelia, hukusikia. Nikaona labda hesabu utazisikia. Kiwanda bila mimi hakina mnunuzi. Kitafungwa, utakaa nyumbani, na mimi nitakulisha. Sikukimbii, mume wangu. Nakutoa."

Ningetamani kusema mtu mwingine alizungumza jambo la maana hapo. Aliyezungumza ni Mabati.

"Mama," alisema, akifungua kitabu cha hundi, "mshahara huo naongeza nusu. Njoo kwangu."

"Mara mbili," baba mkwe alisema.

Sote tulimgeukia.

"Mara mbili," akarudia, kwa mkewe. "Bakia hapa."

"Utamlipa nini, mzee?" Mabati aliuliza bila ubaya. "Umesomewa sasa hivi. Bila yeye huna kitu."

"Nitakata mwenyewe. Nitawaachisha wakataji, nikate peke yangu, mchana na usiku. Nitamlipa." Akainuka, ameshika kola ya koti, na kikohozi kikamkuta katikati ya kusimama. Kilikuwa kirefu. Alishika meza kwa mikono miwili, na vumbi la koti likapanda na kuelea juu ya hundi, juu ya ripoti, juu yetu wote.

Mama mkwe alisubiri kiishe. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kisha akageuka, si kwa mumewe, si kwa Mabati.

"Mkwe. Wewe ndiye unayejua. Mapafu ya huyu mzee umeyaweka ukurasa gani?"

Nilifungua ripoti tangu mwanzo. Uchakavu wa mashine ulikuwemo, mwaka kwa mwaka. Wa gari ulikuwemo, na wa cherehani. Hata feni ya ofisini, ambayo haizunguki, niliiandikia imechakaa kiasi gani.

"Sijayaweka, mama."

"Yaweke," alisema, akanisukumia kalamu ya Mabati. "Halafu mwambie anauza ama hauzi. Mimi jibu langu, la kubaki ama kwenda, linangoja lake."

Niliishika kalamu. Mabati alikuwa ameshavuta kiti karibu ili aone nitaandika nini, na baba mkwe alikuwa bado ameinama juu ya meza, hajakaa, hajasimama, ananitazama mkono.